Difu 4.10 au 4.556 kwa pikapu ya kuvuta tela? Wenye uzoefu njooni

#1 Tela_Mbili
Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya dizeli, foo wili, gia tano za mkono, injini haina tabo (ile feni ya kusukumia hewa injini). Difu zake, yaani gia za kwenye ekseli, mbele na nyuma ni 4.10. Navuta tela la ekseli mbili, likijaa linafika kama kilo 2,000, na gari lenyewe na vilivyomo nalo karibu hizo hizo. Kwenye tambarare linakwenda, ila gia ya tano nimeshaisahau, nikiiweka tu gari linakata pumzi. Kilima kikianza nashuka ya tatu, kikikaza nashuka ya pili, na msururu nyuma yangu unanipigia honi. Mafuta nayo naona yanakwenda kuliko zamani. Fundi mmoja kaniambia niweke difu za 4.556. Mwingine anasema nitajuta, gari litalia kama trekta. Nani mkweli?

#2 Kipisi
Weka 4.556 ulale usingizi. Namba kubwa ndiyo nguvu. Uzi ufungwe.

#3 GiaYaPili
Kipisi, taratibu. Mimi siku zote nasikia difu ya chini ndiyo ya mzigo. Sasa 4.556 ni ya chini au ya juu? Maana namba imepanda.

#4 DizeliMzee
Hapo ndipo watu wengi hupotea, hata kaunta ya vipuri. "Difu ya chini" ni namba kubwa. 4.10 maana yake propela, ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 4.10 ili magurudumu yazunguke mara moja. Krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, ina meno 41; pinioni, gia ndogo inayoizungusha, 10. Kwenye 4.556 krauni ni 41 ileile ila pinioni ina meno 9. 3.909 ni 43 kwa 11. Propela ikizunguka zaidi kwa hatua ileile ya tairi, injini inapata mkono mrefu wa kusukumia, lakini inachemka mizunguko mingi zaidi. Karakana tunasema difu ya mzigo na difu ya mwendo, na hakuna anayechanganya.

Kama mtu anajiuliza kwa nini si 40 kwa 10 ikawa 4 kamili: meno yaleyale yangekutana kila mara, jino lenye kasoro lingekula mwenzake mmoja huyo huyo. Kwa 41 na 10 kila jino linakutana na kila jino, uchakavu unagawanyika.

#5 Kichwangumu
Nimefurahi kuona uzi huu. Nimetoka sasa hivi chini ya gari. Nimepiga jeki gurudumu moja la nyuma, nimelizungusha mara moja, nikahesabu propela. Imezunguka mara mbili na kidogo. Ina maana difu yangu ni 2??

#6 Kipisi
Kichwangumu hiyo si pikapu, ni ndege 😂

#7 DizeliMzee
Msimcheke, kosa hilo hata mafundi hulifanya. Kichwangumu, gurudumu la upande wa pili lipo chini halizunguki, kwa hiyo gia ndogo za ndani ya difu zinagawa mwendo nusu kwa nusu. Ukizungusha gurudumu moja mara moja, krauni inazunguka nusu tu. Zungusha mara mbili ndiyo upate namba yako. Tena usitegemee jicho kwenye "na kidogo". Piga chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha gurudumu mara 20. Propela ikizunguka 41 una 4.10, ikizunguka 43 una 4.30. Kama difu ni ya kujibana yenyewe au ina loki, yaani haiachi gurudumu moja lizunguke peke yake, njia hii haifai, inua magurudumu yote mawili ndipo mzunguko mmoja uhesabike mmoja. Na uweke magogo kwenye magurudumu yaliyobaki chini kabla ya kutoa gia, maana handbreki utakuwa umeiachia.

#8 Hesabu_Kali
Turudi kwa mwenye uzi. Naomba kupingana kidogo na Kipisi. Difu haitengenezi nguvu. Chukua kilo 4,000 zake zote, mlima wa asilimia 6, yaani unapanda mita 6 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kupandisha uzito huo peke yake kunataka kilowati 39 hivi. Ongeza upepo na msuguano wa matairi unavuka 50. Hizo zinatoka kwenye injini, uwe na difu ya 3.5 au ya 5. Kama injini haina kilowati hizo, mwendo utashuka tu. Kazi ya difu, pamoja na giaboksi, ni kuifanya injini iwe kwenye mizunguko ambayo kilowati hizo zinapatikana.

#9 Kipisi
Mlima haujui kilowati. Mimi nimehama 3.909 kwenda 4.30 na nikaona tofauti siku ya kwanza natoka getini na mzigo. Klachi iliacha kunuka.

#10 Hesabu_Kali
Na sijakukatalia. Kutoka 3.909 kwenda 4.30 umeongeza asilimia 10 kwenye kila gia, ya kwanza ikiwemo. Kuondoa gari lililosimama na kupanda mlima kwa mwendo ni mambo mawili. Klachi inanuka kwenye lile la kwanza.

#11 MamaTela
Habari. Mimi navuta boti, gari ni Chevrolet ya petroli, giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Ilikuja na difu ya 3.42. Kwenye vilima ilikuwa inatafuta gia kama mtu aliyepoteza ufunguo: ya tatu, ya nne, ya tatu, ya nne, na joto la oili ya giaboksi linapanda hadi naogopa kuangalia geji. Nikaweka 4.10. Nguvu ya injini ni ileile, Hesabu yuko sahihi, lakini sasa inashika ya tatu inatulia, na oili haichemki. Tena kilichopika oili si mlima wenyewe, ni ile toki konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kufunga na kufunguka kila mara. Ikiwa wazi inakoroga oili tu na joto lote linabaki humo.

#12 Propela
Dada MamaTela, kwa gia nne sawa. Ila ushauri wa "weka namba kubwa" ni wa enzi hizo. Fanyeni zidisho dogo. 4L60-E, giaboksi ya gia nne ya GM wanaotengeneza Chevrolet, gia ya kwanza ni 3.06, yaani injini inazunguka mara 3.06 propela ikizunguka mara moja. Mara 4.10 ni 12.5. Giaboksi ya gia kumi ya Ford F-150 gia ya kwanza ni 4.70. Mara 3.31, ile difu ambayo watu huiita ya wavivu, inakuja 15.6. Yaani gari la difu ya mwendo linatoka na mzigo kwa nguvu kuliko la difu ya mzigo. Kwa giaboksi hizi mpya difu imebaki hadithi.

#13 MamaTela
Kaka Propela, umelinganisha gia ya kwanza tu. Nani anapanda mlima wa kilomita tano kwa gia ya kwanza? Shida ya gia nne ni mapengo. Kutoka 3.06 unaruka hadi 1.63, halafu 1.00. Kwenye kilima cha mwendo wa 80, ya tatu inazidiwa na ya pili inapiga kelele, katikati hamna kitu. Hapo difu ndiyo inasogeza ngazi yote hadi ukanyagie panapokufaa. Gia kumi zina ngazi za karibu karibu, kwa hiyo unapata pa kukanyaga. Tela_Mbili ana gia tano za mkono, yuko upande wangu.

Na kama difu ingekuwa hadithi, watengenezaji wasingeandika uzito tofauti wa tela kwa gari lilelile kwa sababu ya difu tu. Someni jedwali la kuvuta la hiyo hiyo F-150.

#14 Propela
Hilo la jedwali nakubali. Ila sehemu ya hizo namba ni uwezo wa kupoza na kutoka na mzigo, si kasi ya mlimani.

#15 GiaYaPili
Mmeshaanza kuzungumza lugha ya kwenu. Tela_Mbili yuko wapi? Ametupa jiwe akakimbia.

#16 Hesabu_Kali
Swali moja lilipaswa kuulizwa mwanzo. Mkuu Tela_Mbili, unavaa tairi gani? Na gari lilitoka na tairi gani?

#17 Tela_Mbili
Nipo wakuu, nasoma kimya. Lilikuja na 245/70R16. Mwaka jana niliweka 285/75R16, zilikuwa za rafiki yangu, nzuri sana kwenye matope. Zinahusika?

#18 DizeliMzee
Lahaula.

#19 Kipisi
Zinahusika? 😂😂😂 Mkuu umevaa viatu vya babu unauliza kwa nini hukimbii.

#20 Hesabu_Kali
Tulieni, twende taratibu.

245/70R16 ina kipenyo cha milimita 749. 285/75R16 ni milimita 834. Umeongeza asilimia 11 na nukta tatu. Tairi kubwa ni sawa na kuweka difu ya mwendo. 4.10 yako sasa inafanya kazi kama 3.68. Yaani uliondoa difu ya mzigo mwenyewe bila kufungua boliti hata moja, zaidi ya zile za rimu.

Kwa kilomita 80 halisi, gia ya nne (nachukulia ni 1.00, injini na propela zinazunguka sawa), zamani injini ilikuwa kwenye mizunguko 2,320 kwa dakika. Sasa ni 2,090. Ya tano, ikiwa 0.85 kama zilivyo nyingi, imeshuka hadi chini ya 1,800. Injini isiyo na tabo hapo haina kitu cha kukupa.

Sasa jambo la kupendeza. Ukiweka 4.556 na hizo tairi kubwa, unarudi 2,320. Karibu kamili. Huyo fundi wako wa kwanza ama ana akili sana ama ana bahati.

#21 MamaTela
Na ongezeko lingine, Hesabu. Geji ya mwendo kwenye pikapu za namna hiyo inasoma mzunguko unaotoka giaboksi au transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), haijui tairi. Kwa hiyo geji ikisema 80 yeye yuko 89. Anavuta tani mbili kwa kasi asiyoijua, na ukinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa mwendo, hapo ni karibu asilimia 24 zaidi. Halafu analalamika gari halivuti.

#22 Hesabu_Kali
Safi. Na kilomita pia. Akitembea 111 gari linaandika 100. Akigawa mafuta kwa kilomita za geji anaona ulaji umepanda hata kama haujapanda. Mkuu, lile la "mafuta yanakwenda kuliko zamani" sehemu yake ni hesabu tu.

#23 Tela_Mbili
Nimekaa chini. Asanteni. Kwa hiyo nirudishe tairi za zamani au niweke difu?

#24 Kichwangumu
Rudisha tairi! Kazi ya asubuhi moja. Kwa nini ufungue ekseli mbili kwa ajili ya urembo?

#25 Kipisi
Si urembo, kasema matope. Difu 4.556 na tairi abaki nazo. Anapata vyote.

#26 Propela
Havipati vyote. Tairi kubwa ni nzito, na breki zinalazimika kukamata kwa mkono mfupi. Asilimia 10 hivi iliyopungua kwenye kuvuta ndiyo hiyo hiyo imepungua kwenye kusimamisha. Difu hairudishi breki. Kwenye mteremko itamsaidia akishusha gia, injini itashika zaidi, ila akikanyaga pedali ni hasara ileile. Je tela lina breki zake? Pikapu nyingi zimeandikiwa kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki, hata kama lenye breki wanaruhusu 3,500.

#27 Tela_Mbili
Lina breki. Sijui mara ya mwisho zilifunguliwa lini.

#28 FundiBaridi
Nimesoma yote. Mimi nina wazo jingine ambalo hamjaligusa, na limechokozwa na jibu hilo la breki. Inua kila gurudumu la tela ulizungushe kwa mkono. Nimeshaletewa gari "halivuti, difu mbaya", breki moja ya tela ilikuwa imeng'ang'ania hadi ngoma imebadilika rangi. Kisha kichujio cha hewa, kichujio cha dizeli, nozeli. Injini ya dizeli ya umri huo ikipoteza asilimia 15 ya nguvu humwoni mwenyewe akilalamika mpaka siku amefunga tela. Hesabu za Hesabu ni nzuri lakini zinachukulia injini ni nzima.

#29 Hesabu_Kali
Kweli. Sikuipima injini yake, nimepima tairi tu. Ila asilimia 11 ya tairi ipo hata akisafisha nozeli.

#30 DizeliMzee
Akiamua difu, ajue haya. Ni foo wili, kwa hiyo mbele na nyuma lazima zilingane. Si "zikaribiane". Ukiingiza foo wili kwenye lami na difu mbili tofauti, propela ya mbele na ya nyuma zinataka kuzunguka tofauti wakati transfa imezifunga pamoja. Kitu lazima kiteleze au kivunjike. Kwenye matope tairi zitateleza usijue, kwenye lami ni mnyororo wa transfa, krosi (viungo vya propela) au meno yenyewe.

Pili, krauni na pinioni ni mume na mke wa toka kiwandani, zimesagwa pamoja. Usichukue krauni huku na pinioni kule.

Tatu, maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga: ukifungua, badilisha beringi na sili zote. Fundi apime nafasi kati ya meno kwa geji ya saa, si kwa kutikisa na kusema "iko poa", na apake rangi kwenye meno aone mgusano umekaa katikati. Difu inayolia baada ya kazi mara nyingi si gia mbaya, ni iliyopangwa vibaya.

#31 GiaYaPili
Na meno 9 badala ya 10, pinioni si inakuwa dhaifu?

#32 DizeliMzee
Ni nyembamba kidogo, ndiyo.

#33 Hesabu_Kali
Lakini propela inabeba msokoto mdogo zaidi kwa nguvu ileile ya tairi, kwa hiyo pinioni nayo inapunguziwa. Sidhani inafika dhaifu.

#34 DizeliMzee
Kijana, karatasini. Kwenye meza yangu zinazokuja zimevunjika ni za namba kubwa.

#35 Hesabu_Kali
Kwa sababu wanaoweka namba kubwa ndio wanaovuta mizigo mikubwa, mzee wangu. Ni kama kusema magongo huvunja miguu.

#36 Kipisi
😂 Hapo mzee kapigwa.

#37 DizeliMzee
Sijapigwa. Nitapiga picha zinazofuata.

#38 MamaTela
Niongeze kuhusu kuzilainisha gia mpya. Mimi zangu za kwanza ziliungua kwa sababu nilifunga boti siku ileile. Karakana haikuniambia lolote, nilipewa ufunguo na tabasamu. Gia mpya zinapashana joto kali mwanzoni. Safari za kwanza tembea dakika 15 au 20, simama zipoe, rudia. Kilomita 800 za mwanzo usivute kitu, kisha mwaga oili weka mpya. Hiyo ya kwanza itatoka na vumbi la chuma kama rangi ya fedha. Oili iwe ya gia ya daraja la GL-5, na kama difu ni ya kujibana yenyewe iwe ile iliyoandikiwa hivyo.

#39 GiaYaPili
GL-5 hiyo hiyo naweza kujaza na giaboksi?

#40 DizeliMzee
Soma kitabu cha gari lako. Giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4, pete za shaba za ndani hazielewani na dawa nyingi za GL-5.

#41 Propela
Suala la mafuta halijaisha. Injini ya dizeli hula vizuri ikiwa mizunguko michache na mzigo mwingi. Ukimwekea 4.556, siku ambazo hana tela anazungusha injini bure. Ajihesabie: mwaka mzima siku ngapi ana tela na ngapi hana?

#42 FundiBaridi
Kweli kwa injini inayoweza kubeba mzigo huo chini. Yake haina tabo. Ukiiburuza kwenye 1,700 na pedali iko sakafuni inatoa moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia haijaungua. Kwa mtu wa namna hiyo namba kubwa inaweza hata kupunguza ulaji akiwa na mzigo. Bila mzigo, Propela yuko sawa.

#43 Tela_Mbili
Siku zenye tela ni kama mbili kwa wiki. Nimewasikia wote. Kesho nainua tela nizungushe magurudumu alivyosema FundiBaridi, halafu tairi za zamani zipo stoo, nitazivaa wiki moja nipande kilima kilekile na mzigo uleule. Nikiona bado, narudi kwenye difu. Nikiona imetosha... matope nitayakosa kwa kweli.

#44 Kipisi
Utarudi. Nakusubiri na 4.556 yangu.

#45 Hesabu_Kali
Ukipanda na tairi za zamani kumbuka geji sasa itasema kweli. Usishangae ukiona 80 ni polepole.

#46 Kichwangumu
Samahani kuwarudisha nyuma. Nimefanya alivyosema DizeliMzee, chaki na mizunguko 20. Nyuma propela imezunguka 43. Kwa hiyo 4.30, asante sana. Nikaona isiwe shida, nikafunga habu (zile zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) nikahesabu na mbele. Mbele ni 41. Nimerudia mara tatu.

#47 MamaTela
Subiri. Mbele 41 na nyuma 43?

#48 Kichwangumu
Ndiyo. Gari nililinunua hivi, mwenyewe aliniambia difu ya nyuma "imefanyiwa sevisi". Ndiyo maana nikiingiza foo wili kwenye barabara kavu linaruka ruka na lever ya transfa haitoki?

#49 DizeliMzee
Mkuu, usiguse tena hiyo lever. Fungua habu, anzisha uzi wako, na uweke picha.